Mgongo wa kijana uliopinda kidogo: mazoezi yanasaidia nini, na wakati gani

Mama mmoja anayetusikiliza alituma ujumbe kwenye simu ya studio. Binti yake ameingia kidato cha kwanza, na fundi cherehani aliyemshonea sketi ya shule ndiye aliyeshtuka: pindo lilikaa juu upande mmoja na chini upande wa pili, hata alipolikata upya. Kumbe sketi haikuwa na kosa. Kiuno cha mtoto ndicho hakikuwa sawa. Mama akauliza mambo mawili: je, ni ndoo za maji zilizompinda mgongo? Na je, yapo mazoezi ya kuunyoosha?

Swali la kwanza jibu lake ni hapana, na hapa tuna la kukiri. Katika kipindi kimoja cha mwanzo wa muhula tulisema kwamba mabegi mazito ya shule hupinda uti wa mgongo. Tulikosea. Begi zito linaweza kuleta maumivu ya mabega na mgongo, lakini halileti tatizo hili. Kukaa vibaya darasani hakulileti, kulala upande mmoja hakulileti, wala ndoo kichwani. Mama huyo alikuwa amejilaumu miezi mitatu bila sababu.

Tatizo lenyewe wataalamu huliita skoliosisi. Uti wa mgongo, ukiutazama kwa nyuma, badala ya kushuka wima hupinda kwenda pembeni kama herufi C au S, na pingili zake hujizungusha kidogo. Huko kujizungusha ndiko kunakoinua mbavu za upande mmoja. Kati ya vijana 100, wawili au watatu wanalo kwa kiwango fulani. Kwa walio wengi, karibu wanane kati ya kumi, chanzo hakijulikani, ingawa mara nyingine huonekana kwa ndugu wa ukoo mmoja. Mipindo midogo huwapata wasichana na wavulana kwa kukaribiana, lakini ile inayoendelea kukua huwapata wasichana zaidi.

Ukubwa wa mpindo hupimwa kwa nyuzi kwenye picha ya eksirei, kwa njia iliyoelezwa mwaka 1948 na daktari wa mifupa wa Marekani, John Robert Cobb. Chini ya nyuzi 10 hauhesabiwi kuwa ugonjwa. Kati ya 10 na 25 ni mpindo mdogo, na makala hii inauhusu huo hasa. Ukivuka 25 kwa mtoto ambaye bado anakua, kwa kawaida daktari hufikiria mkanda mgumu wa plastiki unaovaliwa kiwiliwili. Ukifika 45 au 50, mazungumzo huwa ya upasuaji.

Neno linalobeba uzito hapo ni "bado anakua". Mpindo huongezeka kwa kasi mtoto anaporefuka kwa kasi. Kwa msichana, kipindi hicho huwa muda mfupi kabla ya kuvunja ungo, na kwa wengi urefu hukaribia kusimama kama miaka miwili baadaye. Wavulana huchelewa kidogo. Mpindo wa nyuzi 15 kwa msichana wa miaka 11 si sawa na mpindo huohuo kwa wa miaka 17. Huyu wa pili huenda ukabaki hivyo maisha yake yote bila kumsumbua. Huyu wa kwanza anahitaji kufuatiliwa kwa karibu.

Na hao wa miaka 11 ndio wanaotupita. Mtoto wa kike wa umri huo havui nguo mbele ya baba, sare za shule ni pana, na kwa kawaida mgongo haumuumi. Kwa hiyo mama, shangazi au dada mkubwa achukue dakika moja. Mtoto asimame kwa miguu iliyonyooka, mgongo ukiwa wazi, ainame mbele polepole huku viganja vimeunganishwa na mikono inaning'inia. Wewe kaa nyuma yake, macho yako yalingane na mgongo. Mbavu za upande mmoja zikiinuka kama kijilima kuliko za upande mwingine, mpelekeni apimwe. Akisimama wima, tazameni pia kama bega moja liko juu, kama mfupa bapa wa nyuma ya bega umechomoza, au kama nafasi kati ya mkono na kiuno si sawa pande zote. Hospitalini wanaweza kutumia kifaa kidogo kinachofanya kazi kama pima maji ya fundi mwashi: kinawekwa juu ya mgongo ulioinama na kuonyesha umelala kiasi gani.

Sasa swali la pili. Mazoezi yenyewe yalianza na msichana aliyekuwa na mgongo huohuo. Katharina Schroth alizaliwa Dresden, Ujerumani, mwaka 1894, na akiwa kijana alivalishwa mkanda wa chuma. Alitazama mpira uliobonyea upande mmoja, akafikiri: hewa ikisukumwa kwenye sehemu iliyobonyea, si itainuka? Akaanza kujizoeza mbele ya kioo, akijirefusha kwenda juu, akijirudisha katikati, na kuvuta pumzi kuelekeza kwenye upande wa mbavu uliozama. Mwaka 1921 alianza kuwatibu wengine katika mji wa Meissen. Mazoezi yenye jina lake hufundishwa hadi leo, na kuna mengine ya aina hiyo yaliyoanzishwa Italia na kwingineko.

Ukiona jinsi yanavyofanya kazi utaelewa kwa nini hatukuandikii hapa orodha ya kunakili. Zoezi linamfaa mtu kulingana na mpindo wake: umeanzia wapi, umeelekea kulia au kushoto, ni mmoja au miwili. Anachojifunza kijana ni kuutambua mgongo wake na kuurekebisha yeye mwenyewe kwa misuli, kisha kuushikilia hivyo anapokaa, anapotembea, anaposoma. Mtaalamu wa mazoezi tiba humfundisha kwa vipindi kadhaa, halafu anaendelea nyumbani kila siku. Kioo kikubwa kinasaidia. Kama hakipo, mtu mzima asimame nyuma yake na kumwambia.

Yanasaidia kiasi gani? Tusiuze maneno. Utafiti wa Italia uliochapishwa mwaka 2014 uliwafuata vijana 110 wenye mipindo midogo hadi walipomaliza kukua: waliofanya mazoezi maalumu walipungukiwa nyuzi tano hivi kwa wastani, na waliofanya mazoezi ya kawaida hawakupata nafuu hiyo. Mwingine wa Kanada, wa mwaka 2016, uliwapa vijana mazoezi ya Schroth ya dakika 30 hadi 45 kwa siku, na baada ya miezi sita walikuwa na nafuu ya nyuzi tatu na nusu kulinganisha na wasioyafanya. Ni hatua ndogo. Kipimo cha eksirei chenyewe kinaweza kutofautiana kwa nyuzi tano hivi kutoka mpimaji mmoja hadi mwingine. Lakini kwa mtoto mwenye nyuzi 20, kubaki hapohapo bila kuvuka 25 ni ushindi. Anayekuahidi mgongo mnyoofu kwa mwezi mmoja, mwagane kwa amani.

Mpira wa miguu, netiboli, kuogelea na kazi za nyumbani aendelee navyo. Vinamjenga, ila havichukui nafasi ya mazoezi maalumu. Kumkanda na kumbonyeza mgongo kwa nguvu, hapana. Na kuna sababu ya ziada: kibyongo kinachochomoza nyuma, chenye maumivu, homa, jasho la usiku au kukonda, kinaweza kuwa kifua kikuu cha mifupa, ambacho hutibiwa kwa dawa. Miguu ikilegea, haja ndogo ikishindwa kuzuilika, au mpindo ukionekana kwa mtoto wa chini ya miaka 10, msisubiri.

Kwa Tanzania, anzeni zahanati au kituo cha afya na muombe rufaa ya hospitali yenye daktari wa mifupa na mazoezi tiba. KCMC ya Moshi, Bugando ya Mwanza na MOI ya Dar es Salaam wanazo huduma hizo. Mafundi wa mikanda ya mwili husomea chuo cha TATCOT, hukohuko Moshi. Muulize mambo matatu: mpindo ni nyuzi ngapi, mtoto amebakiza kukua kiasi gani, na arudi lini. Anayekua haraka kwa kawaida huitwa kila baada ya miezi minne hadi sita. Nyuzi ziandikwe kwenye daftari lake, na picha ya eksirei msiitupe wala kuikunja. Daktari wa safari ijayo ataihitaji ailinganishe na mpya.