Wavu wa ngiri: Kuutoa ni kugumu kuliko kuutia

NGIRI hutokea pale sehemu ya utumbo au mafuta ya tumboni inapopenya kwenye ukuta wa misuli uliodhoofika na kufanya uvimbe, aghalabu kwenye kinena, kitovuni au penye kovu la upasuaji wa zamani.

Tangu mwishoni mwa miaka ya 1980, Mmarekani Irving Lichtenstein alipoeneza mbinu ya kuziba tundu la ngiri ya kinena kwa wavu wa plastiki bila kuivuta misuli, tiba hiyo imeenea kote duniani kwa kuwa hupunguza uwezekano wa ngiri kurudi.

Wengi hupona. Hata hivyo, mwongozo wa kimataifa wa madaktari uliochapishwa mwaka 2018 unakadiria kuwa asilimia 10 hadi 12 ya wanaopasuliwa ngiri ya kinena hubaki na maumivu sugu, wakiwemo baadhi ya walioshonwa bila wavu. Hapo ndipo swali huzuka: Je, wavu ung'olewe?

Jibu si jepesi. Wavu hutengenezwa ili nyama iote ndani ya vitundu vyake. Miezi kadhaa baadaye huwa umeshikamana na misuli, neva na mishipa ya damu. Kwa hivyo hauchomolewi kama uzi wa mshono, bali hukatwa polepole pamoja na kovu.

Hatari zake ni kuvuja damu nyingi, kujeruhiwa kwa utumbo, kibofu cha mkojo au mshipa mkubwa wa damu uendao mguuni, ganzi ya kudumu na maambukizi. Mwanamume anaweza kupoteza korodani iwapo mishipa inayoilisha itakatika. Ngiri nayo yaweza kurudi, kwani kizuizi chake kimeondolewa. Isitoshe, maumivu huenda yasiishe, hasa ikiwa chanzo chake ni neva iliyoumia.

Ndiposa mgonjwa mwenye maumivu pekee huanzishiwa tiba nyepesi: dawa za maumivu, mazoezi ya viungo na sindano ya kufisha ganzi neva husika. Huchunguzwa pia kwa picha, maana maumivu ya kinena yaweza kutoka kwenye nyonga au uti wa mgongo.

Lakini zipo hali ambapo kuuacha wavu ni hatari zaidi: unapotunga usaha usiokoma licha ya dawa, au unapotoboa utumbo. Homa, jeraha linalotoa usaha, kutapika, kushindwa kupitisha choo au hewa na uvimbe mgumu wenye maumivu makali ni dalili za kukimbilia hospitali bila kuchelewa.

Anayefikiria kuutoa wavu anahitaji mpasuaji aliyewahi kufanya kazi hiyo mara nyingi, pamoja na ripoti ya upasuaji wa kwanza inayoonyesha aina ya wavu na mahali ulipowekwa. Pasipo ripoti hiyo, daktari huingia gizani.