Kisanduku cha Wi-Fi kilivyofunguliwa

Ndugu wasikilizaji wa Nyabiondo, na ninyi jamaa mliohama makwenu kwa sababu ya vita, leo tunaangalia historia ya ruta, kile kisanduku kidogo kinachogawa intaneti.

Mwishoni mwa 2002, kampuni ya Linksys ya Marekani ilitoa ruta iitwayo WRT54G. Mwaka uliofuata mafundi waligundua kwamba ndani yake mlikuwa na Linux, programu huru. Leseni yake, GPL, inadai kwamba anayeigawa atoe pia msimbo wake. Cisco, iliyokuwa imeinunua Linksys, ikautoa. Mwaka 2004 wajitoleaji wakaanzisha OpenWrt, programu inayoweza kufufua ruta nyingi zilizoachwa na watengenezaji wake.

Hilo linatuhusu nini? Ruta zenye programu kama hiyo zinaweza kupokezana mawimbi kutoka paa hadi paa. Zikiunganishwa na kompyuta moja ya kuhifadhi habari, wakaaji wanaandikiana hata intaneti ya nje ikikatika. Na kompyuta hiyo moja inaweza kugawanywa kwa programu, ifanye kazi kama kadhaa: sehemu ya shule, sehemu ya kituo cha afya.

Si ndoto. Mwaka 2016, kisiwani Idjwi katika Ziwa Kivu, ulianzishwa mtandao wa jamii uitwao Pamoja Net.

Kwa familia iliyotawanyika, ujumbe mmoja tu wa kusema tuko wazima ni kitu kikubwa. Vijana, ruta kuukuu msizitupe. Jifunzeni kuzifufua.