Kabla ya Rangi ya Ukuta, Waliuliza Rangi Yako

Hebu fikiria umenunua nyumba. Mkopo wa benki ni wako, hati ni yako, paa likivuja ndoo pia ni yako. Sasa unataka tu kupaka mlango rangi ya kijani, na kamati ya majirani inakwambia: tulia, jaza fomu kwanza.

Huko Marekani hiyo si kichekesho. Kuna zaidi ya vyama 350,000 vya wakazi, na ukinunua nyumba ndani ya mtaa wenye chama, unakuwa mwanachama utake usitake. Ukitaka kubadilisha kitu kinachoonekana nje, iwe rangi, uzio, madirisha au mabati, unapeleka fomu, mchoro na sampuli ya rangi. Kamati inalinganisha na kitabu chao cha masharti, halafu inajibu: sawa, hapana, ama sawa lakini punguza hiki. Ukipuuza, unatumiwa barua, kisha faini. Na katika majimbo mengi, ada za chama zikilala bila kulipwa, nyumba yenyewe inaweza kuuzwa. Si mchezo.

Sasa, nani aliwapa majirani hii nguvu yote? Turudi nyuma kidogo.

London, mwaka 1808. Jamaa anaitwa Tulk anauza bustani ya Leicester Square kwa sharti moja: ibaki wazi, kusijengwe kitu. Bustani inapita mikono kadhaa mpaka inamfikia Moxhay, na yeye anataka kujenga. Anajitetea: mimi sikuweka sahihi yoyote. Mwaka 1848 mahakama inamjibu: lakini ulijua sharti lipo uliponunua, kwa hivyo linakufunga. Hapo ndipo ahadi ilipata miguu. Mwenye kuiweka anaweza kuhama, hata kufa, na ahadi ikabaki imekaa juu ya ardhi.

Wafanyabiashara wa viwanja wa Marekani waliipenda sana hiyo mbinu. Kansas City, J.C. Nichols alijenga mitaa mizima ya matajiri mwanzoni mwa karne ya 20, akaweka masharti kwenye hati na vyama vya wakazi vya kuyalinda. Kule California, Palos Verdes Estates ilianzisha jopo lake la sanaa miaka ya 1920, kukagua michoro ya kila nyumba kabla ijengwe. Paa, rangi, umbo, kila kitu kilipita hapo. Jopo hilo bado linafanya kazi mpaka leo.

Lakini soma karatasi zenyewe. Kwenye masharti ya Nichols na ya Palos Verdes, mbali na sheria za paa na uzio, kulikuwa na sharti lingine: mtu Mweusi haruhusiwi kumiliki wala kuishi hapa. Alikubaliwa tu kama mfanyakazi wa nyumbani. Yaani unaruhusiwa kusugua ukuta, kuumiliki hapana. Na sababu iliyotolewa ilikuwa ileile ya rangi ya mlango: kulinda thamani ya mtaa.

Mwaka 1945 familia ya Shelley, Waamerika Weusi, ilinunua nyumba St. Louis iliyokuwa na sharti kama hilo tangu 1911. Majirani wakaenda kortini wawatoe. Mwaka 1948 Mahakama Kuu ya Marekani ikasema hakuna korti itakayotumika kutekeleza ubaguzi wa aina hiyo. Miaka 20 baadaye, sheria ya 1968 ikapiga marufuku ubaguzi wa rangi kwenye kuuza na kukodisha nyumba.

Sharti la ngozi likafa. Kamati ikabaki.

Sisemi kila kamati ni ya wabaguzi. Jirani akijenga ukuta juu ya mtaro na maji yaingie kwako, utatamani kuwe na sheria, tena ikali. Shida yangu ni neno "inapendeza". Neno lisilo na kipimo linampa mwenye nguvu nafasi ya kusema hapana bila kusema sababu yake halisi. Hata Wamarekani walishtuka. Mwaka 1996 serikali ilizuia vyama kukataza dishi ndogo za televisheni. Mwaka 2006 ikabidi sheria itiwe sahihi ndiyo mtu aweze kupeperusha bendera ya nchi yake nyumbani kwake! Na California sasa inataka kamati iamue kwa nia njema, ijibu kwa maandishi, na ikikukatalia itoe sababu na nafasi ya kuomba uamuzi uangaliwe tena.

Na usidhani hii ni stori ya mbali. Nairobi ya mkoloni ilikuwa na hati za viwanja zilizowafungia nje Waafrika na Wahindi kwenye mitaa ya Wazungu. Leo estate za geti zinachipuka Syokimau, Kitengela, Ruiru, kila moja na chama na kijitabu chake. Sheria yetu ya umiliki wa sehemu za majengo, ya mwaka 2020, inawapa wenye nyumba shirika lao na kanuni zao. Wewe unayepanga bedsitter leo ndiye utakuwa unaweka sahihi hizo karatasi kesho.

Kwa hivyo kabla hujalipa deposit, omba kijitabu na uulize mambo manne. Kipimo kimeandikwa, ama ni "tutaona"? Kamati inajibu kwa siku ngapi? Ikikataa, inatoa sababu kwa maandishi? Na nikipinga, naenda kwa nani?

Wakikosa majibu, jua hapo hawalindi ukuta. Wanachagua watu.