Padre Franz Xaver Haberl, Mwalimu wa Muziki Mtakatifu (1840–1910)

Haberl alizaliwa tarehe 12 Aprili 1840 huko Oberellenbach, Bavaria, kusini mwa Ujerumani, akapewa daraja takatifu ya upadre mwaka 1862. Bavaria si ngeni kwetu wa Mtwara: ndiko iliko monasteri ya Mtakatifu Otilia, iliyowatuma Wabenediktini walioanzisha misioni za Lukuledi mwaka 1895 na Ndanda mwaka 1906. Jimbo letu, lililoundwa mwaka 1972, ni tunda la kazi yao.

Baada ya kuhudumu Passau na Roma, tangu mwaka 1871 Haberl aliongoza kwaya ya Kanisa Kuu la Regensburg. Mwaka 1874 alifungua mjini humo chuo cha muziki wa Kanisa, ili parokia zipate waongoza kwaya na wapiga kinanda waliofundwa, si wa kubahatisha. (Paroko aliyewahi kutafuta mpiga kinanda siku chache kabla ya Pasaka ataielewa haja hiyo.) Kitabu chake cha kufundishia, Magister Choralis, kilikuwa kimekwisha kutoka mwaka 1864, tena ndiye aliyeikamilisha kazi ndefu ya kuchapisha tungo zote za Palestrina.

Hata hivyo jina lake limefungamana na kosa. Pustet, mchapaji wa Regensburg, alipewa na Kiti Kitakatifu haki ya pekee ya miaka 30 kuchapisha nyimbo za Kigregoriani kwa kufuata toleo la Roma la mwaka 1614. Haberl alilisimamia na kulitetea, akiamini kwamba Palestrina alilitia mkono. Wamonaki wa Solesmes, Ufaransa, walipolinganisha miswada ya kale, walionyesha jinsi toleo hilo lilivyozikatakata nyimbo. Mwaka 1901 haki ile haikuendelezwa, na tarehe 22 Novemba 1903 Papa Pius X aliagiza wimbo wa asili urudishwe. Lorenzo Perosi, mwongozaji wa kwaya ya Sistina na rafiki wa Papa huyo, alikuwa mwanafunzi wa Haberl mwenyewe.

Kwa maoni yetu, kumkumbuka Haberl kwa kosa hilo tu ni kumdhulumu. Alitetea kitabu kilichoidhinishwa na mamlaka halali. Alipokosea ni kuchelewa mno kuusikiliza ushahidi wa miswada. Aliaga dunia Regensburg tarehe 5 Septemba 1910, na chuo chake kinafundisha hadi leo.