Suheli: nyota iliyowasumbua wapimaji

Mwezi wa Februari, mnamo saa tatu usiku, simama nje pale Mtambile utazame juu. Karibu na utosi inang'aa Sirius. Shuka kusini utaiona Suheli, nyota iliyowaongoza mabaharia hata jina lake likawa jina la upande wa kusini. Kwa macho, Sirius inaishinda Suheli karibu mara mbili. Je, ndiyo yenye nguvu zaidi?

Hebu fikiria karabai za wavuvi. Chukua mbili zilizo sawa. Moja ikienda mbali mara mbili, mwanga wake unaotufikia unabaki robo. Mara tatu, unabaki sehemu moja ya tisa. Yaani bila kujua umbali, huwezi kujua nguvu ya taa yenyewe.

Mwaka 1838 Friedrich Bessel alitangaza umbali wa nyota moja, kwa kupima inavyoonekana kusogea kidogo Dunia inapolizunguka Jua. Suheli ikagoma: kusogea kwake ni kudogo mno, na makadirio yakapishana kwa mamia ya miaka ya nuru. Jibu lililetwa na setilaiti ya Hipparcos, iliyorushwa 1989: takriban miaka ya nuru 310. Sirius iko 8.6 tu!

Sasa piga hesabu. Suheli iko mbali mara 36 hivi; 36 kwa 36 ni karibu 1,300. Gawa kwa mbili: Suheli inatoa mwanga kama mara 650 ya Sirius. Kumbe ile iliyofifia ndiyo taa kubwa.