Baada ya Kutundika Daluga: Historia ya Wanasoka wa Kibaha na Kisarawe

Historia ya soka katika wilaya za Kibaha na Kisarawe, mkoani Pwani, inaonyesha kwamba hatima ya mchezaji baada ya kutundika daluga, yaani baada ya kuacha kucheza mashindano, imeamuliwa zaidi na ajira aliyokuwa nayo nje ya uwanja kuliko wingi wa mabao yake. Kwa kuwa wilaya hizo zimepakana na Dar es Salaam, makao ya klabu kongwe za Simba na Yanga, zimepitia awamu zote tatu za mchezo huo nchini: soka la shule, soka la ridhaa na soka la kulipwa.

Soka la shule lilipata mizizi Kisarawe mwaka 1925, pale Chuo cha Mtakatifu Andrea cha wamisionari wa Kianglikana kilipohamishiwa Minaki kutoka Kiungani, Unguja, ambako wanafunzi walikuwa wakicheza kandanda tangu karne ya 19. Vijana hao waliandaliwa kuwa walimu na watumishi wa kanisa, hivyo mpira kwao ulikuwa sehemu ya malezi, na aliyeacha kuucheza alibaki na chaki yake mkononi.

Awamu ya pili ilisimama juu ya ajira ya dola. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa Julai 10, 1963, lina kambi yake ya Ruvu wilayani Kibaha, na ni katika taasisi za namna hiyo, pamoja na polisi, viwanda na mashirika ya umma, ambamo soka la ridhaa lilistawi. Ridhaa maana yake ni mchezo usiokuwa na mshahara wake wenyewe: mchezaji aliandikishwa kazini, akalipwa kama askari, karani au fundi, akapewa ruhusa ya kwenda mazoezini, na alipoishiwa kasi uwanjani aliendelea na kazi yake hadi umri wa kustaafu.

Kutoka Ruvu zilitokea timu mbili zilizofika Ligi Kuu, JKT Ruvu na Ruvu Shooting, na hii ya pili ilikuwa ikipokea wageni wake katika Uwanja wa Mabatini, Mlandizi. Timu hizo ziliwapa kazi ya pili wachezaji waliokuwa wamestaafu katika klabu kubwa. Charles Boniface Mkwasa, kiungo wa Yanga wa miaka ya 1980, aliifundisha Ruvu Shooting kabla ya kurudi Yanga mwaka 2014 kama kocha msaidizi, akaiongoza timu ya taifa, Taifa Stars, kuanzia 2015, akawa Katibu Mkuu wa Yanga mwaka 2017, kisha baadaye akarejea tena Mlandizi. Abdallah Kibadeni, aliyefunga mabao matatu Simba ilipoifunga Yanga 6-0 Julai 19, 1977, aliifikisha Simba fainali ya Kombe la CAF mwaka 1993 akiwa kocha, aliwahi kuinoa JKT Ruvu, na alianzisha kituo cha kulea vipaji huko Chanika, jirani na Kisarawe. Wote wawili waliishi kwa mpira baada ya mpira kwa sababu walijifunza ualimu wake, lakini benchi moja la ufundi haliwezi kuwatosha wachezaji zaidi ya 20 wa kikosi kimoja.

Awamu ya kulipwa imeleta fedha nyingi zaidi, na mwaka 2021 haki za kuonyesha Ligi Kuu ziliuzwa kwa Sh bilioni 225.6 kwa miaka 10. Hata hivyo, mkataba wa mchezaji ni wa msimu mmoja au michache, nao ukiisha hakuna kazi nyingine ya kurudia. Sheria ya hifadhi ya jamii inataka asilimia 20 ya mshahara ichangwe katika mfuko, na pensheni ya uzeeni humfikia aliyechangia miezi isiyopungua 180, yaani miaka 15, muda ambao wachezaji wachache hudumu katika ligi, hata kama kila klabu ingewasilisha michango yake bila kukosa. Ruvu Shooting ilishuka daraja mwisho wa msimu wa 2022/23, na timu inaposhuka ni mchezaji asiye na ajira nyingine anayetikisika kwanza.

Kwa hiyo kilichopotea katika kuhama kutoka ridhaa kwenda kulipwa ni kazi ya pili, nacho kinaweza kurejeshwa. Shirikisho la soka, klabu na chama cha wachezaji, SPUTANZA, wanapaswa kuhakikisha kwamba kila mkataba unabeba michango ya mfuko na nafasi ya masomo, iwe ya ukocha, uamuzi au ufundi, wakati mchezaji bado ana nguvu na jina. Kijana wa Mlandizi, Kibaha, au Maneromango, Kisarawe, anayesaini mkataba wake wa kwanza naye aulize mambo hayo mawili kabla ya kuuliza dau la usajili.