Jinsi Kichwa cha Gari la Moshi Kilivyopata Springi

Tarehe 21 Februari 1804, huko Penydarren katika nchi ya Wales, fundi Richard Trevithick aliendesha masini yake ya mvuke juu ya njia ya chuma. Ilivuta tani 10 za chuma pamoja na watu 70. Lakini masini ile haikuwa na springi hata moja, au resori kama wasemavyo mafundi wetu. Uzito wote uliigonga njia, nayo ilikuwa ya chuma cha kusubu, kigumu lakini chepesi kuvunjika kama chungu. Vipande vingi vikavunjika, na muda si muda kazi ikarudishiwa farasi.

Msomaji aifahamu shida yenyewe. Hakuna njia iliyo sawasawa kabisa. Mama zetu hupika juu ya mafiga matatu, kwa kuwa vitu vitatu hukaa imara hata penye mashimo. Kigoda cha miguu minne huyumba. Basi magurudumu sita yakifungwa katika fremu ngumu, penye bonde moja litaning'inia hewani, na wenzake watabeba mzigo wake.

Mwaka 1816 George Stephenson, pamoja na William Losh, alipata hati ya serikali kwa dawa ya ajabu: springi za mvuke. Mvuke wa birika ulisukuma pistoni ndogo zilizokalia mihimili ya magurudumu, hata masini ikawa kama inaelea. Werevu mwingi, lakini ni taabu pia, maana mvuke ukilegea, springi nayo hulegea. Mwaka 1820 John Birkinshaw alileta reli za chuma kilichofuliwa, zisizovunjika upesi. Na mwaka 1829, kule Rainhill, kichwa kiitwacho Rocket kilishinda mashindano kikiwa na springi za mabamba ya feleji yaliyopangwa moja juu ya moja.

Huko Marekani, ambako njia zilikuwa mbovu zaidi, Joseph Harrison alipata hati mwaka 1838 kwa wenzo unaounganisha magurudumu mawili kama mizani ya sokoni: moja likipanda, jingine hushushwa, na mzigo hugawanyika. Kwa maoni yangu huyu aliwapita wote, maana alikipa kichwa chenye magurudumu mengi utulivu wa mafiga matatu.

Ajabu ni kwamba shida hiyohiyo imewarudia watu wanaojitengenezea vichwa vidogo vya gari la moshi. Huko Uingereza wengi hutumia kipimo cha milimita 4 kwa kila futi 1. Katika miaka ya 1960 baadhi yao walitaka usahihi kamili: njia ya milimita 18.83, na ukingo wa gurudumu usiofika milimita 1. Ukingo mdogo hivyo hutoka relini kwa kosa dogo tu. Tena umeme hupitia magurudumu. Yakiinuka, mota husimama.

Ndiyo sababu wengine wao hukata madirisha katika fremu ya shaba nyeupe au ya njano, wakatia humo vikombe vya mhimili vinavyopanda na kushuka. Nafasi kati ya mihimili haipimwi kwa rula, bali kwa fimbo zenyewe zinazounganisha magurudumu. Zikihitilafiana hata kidogo, kichwa hukwama.

Hapo uzito huwadanganya wengi. Kitu kikipunguzwa mara 76 kwa urefu, uzito wake hupungua zaidi ya mara 400,000. Kichwa cha tani 50 kingebaki na gramu 114 hivi. Basi hujaza risasi ndani ya birika, kisha hutafuta springi laini mno. Wengine wameipata katika duka la muziki: uzi mwembamba wa feleji wa gitaa, ulionyoshwa juu ya vikombe kutoka mhimili hadi mhimili.